Laini Zote Nilizozijua, na Ile Iliyopinda

Vijana wenzangu wa genge, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru. Mtu hupewa saa siku ile ambayo hana haja tena ya kujua ni saa ngapi, na mimi nimeitundika pale mke wangu aliponionyesha, ikielekea jikoni, ili yeye ndiye ajue. Mkaniambia pia niandike kidogo juu ya kazi ilivyokuwa zamani. Hilo mmejitakia wenyewe. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe niliacha katikati, kwa hivyo msitafute nukta na koma. Mkichoka pumzikeni, mkirudi mtanikuta bado nasema.

Nitaanza na neno moja la Kizungu, kwa sababu maisha yangu yamefungwa nalo kama mbuzi na kamba. Neno lenyewe ni laini.

Laini ya kwanza niliyoijua ni ya reli. Nilizaliwa hapa Nakuru kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba yangu alitoka Magharibi kuja kupanga mataruma, akapanga mpaka mgongo ukakataa. Mama alikuwa akituambia, msicheze kwenye laini. Laini ya pili ilikuwa ya kuanika nguo, na hizo laini mbili hazikupatana hata siku moja, maana gari la moshi likipita, masizi ya laini ya kwanza yanatua kwenye shuka za laini ya pili, na mama anatoka nje kumtukana dereva ambaye ameshafika Njoro. Shuleni nikakuta laini ya tatu, ya kwenye daftari. Mwalimu alisema maandishi yangu yanapita juu ya laini kama kuku juu ya ua. Halafu kulikuwa na kupiga laini ya unga. Kulikuwa na laini ya polisi, ambako askari walikaa na wake zao na ambako hatukwenda kucheza hata kama mpira umeangukia huko. Na ukikutana na mtu wa mashambani, tuseme wa Molo au Rongai, ukimwuliza anakaa wapi, anakwambia, nakaa laini. Laini ya kwa nani? Hapo ndipo anataja jina la Mzungu. Maana kila shamba lilikuwa na laini yake, vile vibanda vya udongo vya wafanyakazi vilivyopangwa mstari kama askari wanaokaguliwa.

Mimi nilifikiri hizo zinatosha. Nikaandikwa kazi ya simu, nikaambiwa, wewe sasa ni mtu wa laini.

Hiyo ilikuwa katika ile miaka ya hamsini, wakati wa Emajensi, yaani ile hali ya hatari ya serikali ya Wazungu. Ninyi hamkuiona, na heri. Kwenda kutoka hapa mpaka pale ulihitaji karatasi, na kuwa na karatasi ulihitaji kazi. Genge letu lilikuwa la kila kabila isipokuwa Wakikuyu, maana wao walikuwa wamepakiwa kwenye malori na kurudishwa walikoambiwa ni kwao, hata wale ambao kwao walikuwa hawajawahi kupaona.

Siku ya kwanza nilipewa sururu. Nilidhani ningepanda nguzo siku hiyo hiyo na kuongea na Nairobi. Nilichimba mashimo. Nilichimba mashimo mpaka nikaota mashimo. Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee mmoja wa Bungoma aliyeitwa Nyongesa. Huyu alikuwa mkubwa wa genge, mtu mfupi, mpole, mwenye mikono mikubwa kuliko yeye mwenyewe. Alikuwa haongezi sauti. Ukikosea anakuja, anasimama karibu nawe, anatazama kosa lako kama mtu anayetazama ng'ombe mgonjwa wa jirani, halafu anaondoka. Unatamani bora angekutukana.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuvaa vile viatu vya chuma vya kupandia nguzo, vyenye kucha ndani ya kisigino. Aliniambia, ukiteleza usikumbatie nguzo. Sikusikia. Niliteleza nikakumbatia, na nguzo za wakati huo zilikuwa zimepakwa ile dawa nyeusi ya kuzuia mchwa, zina vibanzi kama mgongo wa nungunungu. Nyongesa alikuja akasimama chini, akatazama, akaondoka. Nililala kifudifudi juma zima. Mpaka leo nikinusa ile dawa kifua kinaniwasha.

Alinifundisha pia kufunga waya wa shaba kwenye vikombe. Wenyewe mnajua vile vikombe vyeupe vya udongo vya juu ya nguzo. Enzi hizo vilikuwa vinaibwa kwa ajili ya chai, ingawa vilikuwa na shimo upande usiofaa, na waya ulikuwa unaibwa kwa ajili ya bangili. Kule Ndabibi hata hatukuhitaji wezi. Twiga alikuwa anapita na shingo yake, anaondoka na laini nzima, na mwenye shamba anapiga ripoti polisi kwamba amevamiwa. Wakapelekwa askari wakafuata nyayo. Walipoona ni nyayo za nani walirudi wakasema mshukiwa alikuwa mrefu.

Sasa nifike kwa Bwana Rula.

Huyo alikuwa inspekta wetu, Mzungu mwembamba, na jina lake halisi nitaliacha, amekufa na hawezi kujitetea. Sisi tulimwita Rula kwa sababu ya kupenda kunyoosha. Kila Mzungu wa wakati ule alikuwa na kitu chake: mwingine farasi, mwingine pombe. Chake kilikuwa mstari. Akimaliza laini anasimama kwenye nguzo ya kwanza, anafumba jicho moja, na kama nguzo zote zimejificha nyuma ya ile moja anatabasamu, na siku hiyo genge lote linapewa sigara. Kama moja imechungulia, hata kidogo tu kama mtoto anayechungulia wageni, tunaing'oa. Kiswahili chake kilikuwa kile cha masetla, alikuwa anakipiga kama mtu anayepasua kuni. "Mimi nataka laini nyooka. Hapana pinda laini yangu." Na kweli ilikuwa yake. Sisi tulichimba tu, tukabeba, tukasimamisha, tukavuta.

Njia ya kunyoosha ilikuwa ya fimbo. Ninyi mnazijua, zile fimbo ndefu zenye rangi nyekundu na nyeupe. Bwana anasimama nyuma kwenye fimbo ya kwanza, ya pili imeshachomekwa mbele yake, na ya tatu inabebwa na mtu anayekwenda mbele. Huyo mtu nilikuwa mimi, maana nilikuwa mrefu. Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu mambo yote yanatoka hapa: mwenye fimbo ya tatu anatembea kinyumenyume. Lazima macho yawe kwenye mkono wa Bwana. Akiinua wa kulia unasogea, akiinua wa kushoto unasogea, akishusha yote miwili unachomeka, na mwingine anapiga pegi, kile kijiti cha kuonyesha mahali pa nguzo. Kwa hivyo genge zima tulikuwa tunatazama tulikotoka. Tunakokwenda hakuna aliyekuwa anapatazama.

Tukatumwa Mau Narok. Kule juu kuna baridi ya kukatisha mazungumzo, na ngano mpaka unachoka kuitazama. Wazungu wa upande ule walikuwa wanatumia simu moja, yaani waya mmoja unapita mashamba mengi, na kila nyumba ina mlio wake. Kwa huyu kengele inalia ndefu mara mbili na fupi moja, kwa yule fupi tupu. Adabu ilikuwa kwamba mlio usio wako huupokei. Huupokei, lakini unauinua polepole na kuweka sikio. Kila mtu alifanya hivyo na kila mtu alijua. Nikiwa juu ya nguzo na simu yangu ya kupimia nilikuwa nasikia pumzi za watu wote waliokuwa hawapo.

Shamba moja la mwisho lilikuwa bado halijaungwa, na mama wa shamba hilo, memsahibu mnene wa kukohoa, alikuwa haishi kumsumbua Bwana Rula. Mpishi wake alituambia sababu. Memsahibu alikuwa amejua kwamba majirani wanamsema kwenye waya. Kusemwa hakukumuudhi. Kilichomuudhi ni kwamba wanasema na yeye hasikii.

Basi tukaanza kushuka kutoka kilimani kwenda shamba lile. Asubuhi nzima nilitembea kinyumenyume kwenye mteremko, pegi baada ya pegi, zimenyooka mpaka Bwana Rula alikuwa anapiga mluzi. Mchana yeye akapanda gari kwenda kula nyumba kubwa. Sisi tulikuwa tumefika karibu na laini ya wafanyakazi, na tulikuwa tunafungua viazi vyetu baridi wakati mama mmoja mzee alipotoka kwenye nyumba ya pembeni akatuita.

Alikuwa Mkipsigis, mjane, mchuma pareto. Jina lake Taprandich, lakini kila mtu shambani alimwita Kogo, yaani nyanya. Alisema njooni mle, watoto wa watu hawawezi kula viazi baridi mbele ya mlango wangu. Tukaingia, wengine wakakaa nje kwa kukosa nafasi. Jamani, mama yule alikuwa amepika. Ugali wa wimbi wa kutosha genge zima, mboga chungu iliyotulizwa kwa maziwa, na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha, yasiyokuwa ya siku moja. Sisi tulijua tumebarikiwa. Mmoja wetu, Mkamba, alisema hata arusi yake haikuwa hivyo. Kogo hakula. Alikaa kwenye kigoda akitutazama kama mtu anayehesabu kuku jioni, na kila sahani ikipungua anaongeza.

Pembeni mwa nyumba yake kulikuwa na nyingine, imefungwa, lakini uwanja wake umefagiwa na kuku wanazunguka. Nikamwuliza hivi hivi tu, maana mtu akishiba huuliza, nani anakaa hapo.

"Wanjiru," akasema. "Ametoka."

Bwana Rula akarudi. Nikashika fimbo yangu, nikaendelea kinyumenyume. Mkono wa kulia, nikasogea. Mkono wa kushoto, nikasogea kidogo. Nyuma, nyuma, nyuma. Halafu mgongo wangu ukagonga kitu. Ulikuwa ukuta. Mikono ya Bwana ikashuka yote miwili kule juu, na sauti yake ikaja na upepo: "Hapo! Piga pegi!"

Nikageuka. Nilikuwa nimesimama kando ya mlango wa Kogo. Nguzo ilitakiwa ukutani kwake, na waya ungepita katikati ya mafiga ambayo ugali wetu ulikuwa umetoka juu yake. Nyumba ilikuwa ya kubomolewa, hakukuwa na njia nyingine.

Kogo alikuwa amekaa pale pale, sasa anasugua kibuyu kwa kijiti chenye mkaa. Hakuinua macho.

"Piga," akaniambia. "Si nguvu umekula?"

Hapo ndipo akili ikanijia. Yule mama alikuwa ameziona zile pegi tangu asubuhi. Sisi tulikuwa tunatazama nyuma, yeye alikuwa anatazama migongo yetu na zile fimbo, nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe, kutoka juu ya kilima moja kwa moja mpaka kifuani mwake. Alijua tunakwenda wapi kabla yetu. Hakulia, hakwenda kwa bwana wa shamba. Aliweka sufuria motoni.

Ninyi vijana wa siku hizi mnaweza kusema, chakula ni chakula. Kwetu haikuwa hivyo, na genge lile lilikuwa na makabila mengi lakini hilo wote tulilinyonya kwa mama. Nyumba uliyokula ndani yake huiinulii shoka. Nyongesa akaja, akatazama pegi mkononi mwa Mkamba, akatazama ukuta, akaweka nyundo chini polepole kama mtu anayelaza mtoto. Wote tukaweka vyombo. Mpaka leo sijui kama Nyongesa, mzee wa kazi namna ile, alikula bila kujua au alikula akijua. Nilimwuliza baada ya miaka mingi. Alinitazama kama kosa langu la kupanda nguzo, akaondoka.

Bwana Rula akashuka.

"Kwa nini hapana piga?"

"Bwana, tumekula hapa," Nyongesa akasema.

"Kula nini?"

"Ugali, Bwana. Na maziwa."

"Mimi hapana uliza chakula. Mimi uliza pegi."

"Ndiyo hiyo ninayojibu, Bwana."

Rula akawa mwekundu kuanzia shingoni kwenda juu, kama kipimajoto. Akamgeukia Kogo, akamwambia kwamba hakuna shida, nyumba tupu ni nyingi kwenye laini hii, achague yoyote, hata hiyo ya jirani, ni nzuri kuliko yake. Na kweli zilikuwa nyingi. Nusu ya laini ile ilikuwa milango iliyofungwa kwa kamba.

Kogo akasimama. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani.

"Hiyo si tupu. Mwenyewe ametoka."

"Atarudi lini?"

"Ninyi ndio mlimpakia kwenye lori. Ninyi ndio mnajua."

Maneno kama hayo wakati ule yalikuwa yanamtosha mtu kulala ndani. Lakini Rula aligeukia nyumba ya jirani. Alitazama ule uwanja uliofagiwa, na wale kuku, na nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kutazama kitu kisichokuwa kwenye mstari. Halafu akasema asubuhi anataka nyumba imeanguka, au genge zima lirudishe vyombo.

Kurudisha vyombo kulikuwa na maana yake. Bila kazi hakuna karatasi, bila karatasi hakuna kukaa Nakuru, na Nyongesa alikuwa na watoto mjini na mke anayenyonyesha. Jioni tulibishana. Wengine walisema mama mzee ametutega, aliyetegwa halaumiwi akijinasua. Yule Mkamba akasema sawa, basi wewe ushike shoka, tukuone. Mabishano yakaishia hapo, maana kila mtu alikuwa tayari nyumba ianguke mradi si kwa mkono wake.

Asubuhi tulimkuta Kogo mlangoni na blanketi lake begani. Nyuma yake vitu vyake vyote vilikuwa mahali pake. Hakuwa ametoa hata kijiko.

Kabla Bwana Rula hajafungua mdomo, memsahibu akafika kwa gari. Alikuwa ametuona kutoka dirishani kwake kwamba tumekaa. Wakaanza kusemezana kwa Kizungu, na hapo nilisikia lile neno letu likifanya kazi zote siku moja. Memsahibu laini, Rula laini, memsahibu laini tena kwa kidole, Rula akipiga mstari hewani kwa mkono, laini, laini.

"Wanasema nini?" nikamwuliza Nyongesa.

"Wanasema laini."

"Laini ipi?"

"Zote."

Kwa tulivyoelewa ilikuwa hivi. Rula alisema atatufukuza na kuleta genge lingine. Memsahibu akauliza litafika lini. Akasema, si chini ya majuma kadhaa, pengine baada ya mavuno. Memsahibu akashika kichwa. Majuma kadhaa ya kusemwa bila kusikia! Akaonyesha kule chini, akazungusha mkono kama nyoka: kwa nini usipitie pale? Kwani waya ukipinda maneno yanamwagika? Hilo alilisema kwa Kiswahili, ili na sisi tusikie, na nafikiri ndicho kitu kilichomuuma Rula zaidi.

Alibaki amesimama, maskini. Nilimwonea huruma, na sisemi hivyo kwa Wazungu wengi. Kurudi nyuma mbele ya mwanamke wa Kizungu, mbele ya mama mzee wa pareto, na mbele ya genge, zote kwa siku moja, bila sababu ya kushika mkononi. Mtu hawezi kurudi nyuma mikono mitupu.

Nyongesa akavua kofia.

"Bwana, nilisahau kusema jana. Hapa kwenye nyumba kuna maji chini. Nguzo haitasimama. Itazama."

Rula akaenda mwenyewe mpaka ukutani, akapiga ardhi kwa kisigino. Vumbi likaruka mpaka kwenye soksi zake. Kulikuwa hakujanyesha tangu sijui lini, udongo ulikuwa umepasuka kama kisigino cha mchungaji. Akapiga tena, vumbi likaruka tena.

"Maji," akasema.

"Mengi, Bwana," Nyongesa akasema.

"Swampu."

"Swampu kabisa, Bwana. Kinamasi."

Kogo akaingia ndani, akatoka na kibuyu, akammiminia Bwana Rula kikombe cha mursik. Na Rula akanywa. Sijui kama alijua anatia sahihi nini.

Tukapinda laini. Na niwaambie vijana, laini iliyonyooka hata mbuzi anaweza kuifuata. Kona ndiyo kazi. Waya wote unavuta nguzo ya kona upande mmoja mchana kutwa, na usipoishika kwa stei nzuri, ule waya wa kuivuta upande wa pili, inalala kama mlevi. Nyongesa alichagua nguzo nene kuliko zote, stei mbili zikafukiwa chini na mawe, akazikaza yeye mwenyewe, akazipiga kwa kidole akisikiliza mlio. Sijaona kona nzuri kama ile. Siku ya kumaliza, Bwana Rula alisimama kwenye nguzo ya kwanza, akafumba jicho kwa mazoea, akalifumbua, akaenda kukaa ndani ya gari. Sigara alitupatia hata hivyo.

Memsahibu akaungwa. Mlio wake ulikuwa ndefu tatu. Mpishi alisema siku ya kwanza aliweka sikio asubuhi mpaka chakula cha mchana, na hakusikia chochote isipokuwa bei ya ngano, maana majirani walikuwa wameambiwa ameungwa.

Mengine nitapita haraka. Uhuru ukaja. Bwana Rula aliuza vyombo vyake, na siku ya kuondoka aliniambia kwa Kizungu nimtupie laini. Nikafikiri anataka waya. Kumbe kwao hata barua fupi ni laini. Sikumwandikia, sikujua niseme nini kilichonyooka. Nyongesa akastaafu akarudi Bungoma, akafa kwake kitandani, mikono yake juu ya blanketi. Mimi nikawa mkubwa wa genge, nikawafundisha ninyi, na mlipokosea nilijaribu kusimama kimya kama yeye lakini Mungu hakunipa kipawa hicho, nilitukana.

Sasa, mwezi uliopita, nikiwa sina la kufanya isipokuwa kutazama saa yenu, nilipanda lori la viazi nikaenda Mau Narok. Shamba lile liligawanywa zamani, ni vipande vya watu. Nguzo zetu za mti zimekwisha, ziko nyingine. Lakini zinapinda palepale. Barabara ilifuata nguzo, mipaka ya mashamba ikafuata barabara, na ua wa kanisa ukafuata mipaka, kila kitu kinafika pale kinajikunja. Nikamwuliza kijana wa kuuza mbolea hapa panaitwaje. Akasema, Swampu. Nikamwambia mbona pakavu. Akasema, mzee, zamani palikuwa na maji ya hatari, trekta lilizama hapa na dereva wake, halikuonekana tena. Nikampa pole.

Kogo alishakufa. Nyumba yake sasa ni ya mabati, wanakaa wajukuu. Lakini ile ya pembeni ilikuwa na moshi. Akatoka mama mzee, mweusi wa jua, kitambaa kichwani, akaniuliza natafuta nani. Nikasema nilikuwa mtu wa simu, zamani.

"Wa zile pegi?" akasema.

Kumbe ndiye Wanjiru. Alirudi baada ya miaka, kwa miguu kutoka Njoro, akakuta mafiga yake matatu kama alivyoyaacha, na vitukuu vya kuku wake uwanjani. Kogo alimkabidhi akamwambia tu, ulikawia. Alinikaribisha. Tukaongea mpaka nikasahau lori. Alikuwa anapika, na nikaona ile sufuria ni kubwa mno kwa mama mmoja na mgeni wa ghafla. Ilikuwa sufuria ya arusi, githeri ya kujaa, mahindi na maharagwe, na pembeni ndoo ya maziwa imefunikwa.

Nikamwambia, mama, unangoja watu?

Alinionyesha mlangoni kwa mwiko.

Nikatazama juu kilimani. Pegi zilikuwa zinashuka. Mpya, zimepakwa rangi ya idara yetu, zimenyooka kama Bwana Rula amefufuka, kutoka kileleni moja kwa moja mpaka mlangoni tulipokaa. Nimesikia injinia wenu kijana amesema ile kona ni aibu na laini mpya lazima iende sawa. Mimi nimestaafu, sina amri kwa mtu. Najua pia kwamba siku hizi fimbo ya tatu bado mnaibeba kinyumenyume, maana mimi ndiye niliyewafundisha.

Nawaambia tu kwamba nilikula, na githeri yake ni nzuri sana, na aliweka nyingine motoni kabla sijamaliza.